Ndimu Sakafuni

Mjukuu wangu Naima alikuwa amebakiza siku kumi na moja kumaliza eda ya mumewe, Suleiman. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje, na mie nilikuwa nimehamia kwake Temeke, ghorofa ya tano ya jengo la ghorofa kumi na moja, ili asikae peke yake. Nilimpikia, nikawapokea wanawake waliokuja kumtazama.

Siku hiyo, muda mfupi baada ya adhuhuri, jengo zima lilitikisika. Vikombe viligongana kabatini. Nilipochungulia dirishani niliona lori la kontena lililokatika breki limejikita kwenye nguzo ya pembeni, upande wa duka la magodoro lililo chini ya jengo. Dereva alitolewa akiwa hai. Mama mmoja muuza maji alifungua chupa zake za kuuza akamwosha damu usoni, moja baada ya nyingine. Nilikuwa bado namtazama mama yule nilipouona moshi.

Dizeli ilikuwa imetiririka hadi dukani na magodoro yakashika moto. Lakini nilipofungua mlango, watu kwenye ngazi hawakuwa na haraka. Walisema zege haliungui, magodoro yakiisha na moto utaisha. Albano, mwalimu kijana wa ghorofa ya saba, alikuwa ameshashuka. Sasa alikuwa anapanda tena kuchukua vyeti vyake vya shule. Aliniamkia kama kawaida yake, akanisogeza taratibu ukutani nisigongwe na watu waliobeba televisheni.

Mtu wa kwanza niliyemwona ameogopa ni Edgar, fundi wa kusuka nondo aliyekaa ghorofa ya nne na mkewe Vaileth. Alikuwa ametoka kuitazama ile nguzo. Alisema imekatika, na mzigo wote iliokuwa inaubeba umeziegemea nguzo za jirani, ambazo ndizo zilizo ndani ya moto.

"Zege haliungui, bibi, ila linapasuka," aliniambia. "Likipasuka, moto unakifikia chuma cha ndani. Na chuma hakisubiri kuyeyuka. Kinalegea tu, basi."

Naima alisikia kila neno. Akasema hatoki.

Nilijua sababu. Siku ya msiba, shangazi mmoja wa marehemu alisema mbele ya chumba kizima kwamba huyu binti wa siku hizi hatafikisha hata arobaini. Mwajabu, mama yake Suleiman, alikuwepo na hakumkemea. Tangu hapo Naima alizihesabu siku zake kama mfungwa. Na pale chini walikuwa wamejaa wanaume, simu zao zimeinuliwa juu, wanapiga picha.

Nilimwambia dini haimfungi mtu ndani ya moto.

"Najua, bibi," alisema. "Lakini wao hawataniuliza dini imesema nini."

Akaingia chumbani akajifungia kwa ufunguo. Edgar alikuwa anagonga milango ya juu, na Vaileth, aliyekuja naye, alikuwa ameshuka kwao mbio. Nikabaki peke yangu sebuleni, moshi unapita chini ya mlango.

Mezani kulikuwa na ndimu nilizokuwa nimeandaa kwa kachumbari. Moja ilianguka. Ilibingirika ikapita chini ya kiti, ikapita mkeka, haikusimama mpaka ilipogonga ukuta wa pembeni, upande wa lile lori. Niliifuata, nikairudisha katikati ya chumba, nikaiachia polepole. Ikaondoka tena, safari hii kwa kasi zaidi.

"Naima," nilisema, "sakafu imelalia upande mmoja."

Nadhani sauti yangu ndiyo iliyomtisha. Nilisikia ufunguo ukizunguka. Kitasa kikashuka. Mlango haukufunguka. Fremu ilikuwa imeubana kwa juu, na ukuta juu yake umechanika ufa ninaoweza kuingiza kidole. Yeye alivuta, mie nikasukuma. Kutoka chini ilikuja milio kama ya risasi, na Edgar alishaniambia zege likiruka mapande hulia hivyo.

"Bibi, umeondoka?" aliuliza Naima, kwa sauti yake ya utotoni.

"Sijaondoka. Niko hapa mlangoni."

Nilimwita Edgar mpaka koo likauma. Alikuja na mtarimbo, akauvunja ule mlango kwenye bawaba. Nyuma yake aliingia Vaileth, mikononi amebeba khanga zake zote, hata zile za doti alizokuwa hajazikata. Vaileth ni Mkristo, lakini alikuwa amekaa na Naima siku nyingi na hakuhitaji kuelezwa. Yeye na wanawake wawili tuliowakuta ngazini walizitandaza kumzunguka, tukashuka tumemweka katikati. Edgar alitangulia, akiwaomba wanaume wageukie ukuta. Na waligeuka. Katika moshi ule, huku kila mtu anataka kushuka, walisimama wametugeuzia migongo mpaka tukapita.

Tulipofika barabarani zimamoto walikuwa wanawatoa watu wao ndani ya jengo. Kwanza ilishuka ile pembe iliyogongwa na lori, kama mtu aliyeishiwa nguvu goti moja. Kisha ghorofa ikaangukia ghorofa. Vumbi lilitufunika, na lilipotulia nilimtafuta Albano kwa macho kila upande. Hakuwa ameshuka.

Mwajabu alifika na bodaboda kutoka Mbagala, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Naima alipomwona alianza kuomba radhi kwa kutoka. Mwajabu hakumwacha amalize. Alivua baibui lake mbele za watu, akabaki na gauni la nyumbani lenye mabaka ya unga, akamvalisha mkwewe.

"Siku kumi na moja utazimalizia kwangu," alisema. "Mwenye neno aje aniambie mie. Safari ile nilinyamaza."

Alizimaliza, na mpaka leo mie na yeye tunakaa huko. Nyumba ya Mwajabu ni ya chini, haina ngazi hata moja. Hata hivyo kila asubuhi natoa ndimu jikoni, naiweka katikati ya chumba, nasubiri. Naima hanicheki. Hukaa kando yangu akiitazama, mpaka tuwe na hakika kwamba imetulia.