Waya Uliofumwa Vizuri

Fundi cherehani alichagua waya wa chaji kama anavyochagua kitambaa. Aliupitisha kati ya vidole, akauvuta, akachoma unyuzi mmoja kwa kiberiti na kunusa moshi. Waya ulikuwa umefumwa kwa uzi mweusi, mfumo wa kubana, hakuna hata unyuzi uliochomoza. Muuza nyaya hakumwingilia. Alikuwa anabandika stika za "IMEPIMWA" kwenye mzigo ulioingia asubuhi hiyohiyo.

"Huu haukatiki," alisema fundi.

"Haukatiki, mama."

Ilikuwa kweli. Wa zamani ndio uliokatika, Ijumaa iliyopita, simu ikazimika katikati ya maongezi. Mdogo wake fundi, kitinda mimba wao, yuko kazini mbali mwaka wa nne sasa, na hupiga Ijumaa tu, saa nne asubuhi. Mama yao hahesabu siku nyingine.

Fundi aliuchomeka kando ya kitanda cha mama, maana soketi nzima ndani ya nyumba ilikuwa hiyo moja. Simu ilijaa kabla chai haijapoa. Mama akaomba blanketi.

Kesho yake umeme ulikatika tangu alfajiri, na simu ikajaa vilevile. Fundi aliufuata waya kwa mkono. Ncha ya pili ilikuwa imechomoka ukutani, imejilaza ubavuni mwa mama kama mtoto wa paka anayenyonya.

"Unanivuta," alisema mama. "Si vibaya sana. Kama kusukwa nywele."

Kufika Jumatano godoro halikubonyea tena mama alipokaa. Fundi alirudi dukani.

"Waya wako unamnywa mama yangu."

"Unachaji?"

"Unachaji."

"Sasa kesi iko wapi?" Muuza nyaya aliukunja, akaukunjua. "Wewe umeangalia uzi, mama. Ungeangalia ndani. Shaba ikiwa nyembamba umeme haupiti, basi waya unajitafutia riziki."

"Na hii stika?"

"Stika nanunua duka la pili."

Fundi akawageukia wateja waliosimama nyuma yake, akawaeleza. Walimsikiliza kwa adabu. Mmoja akauliza kama mwekundu bado upo.

Muuza nyaya alitoa chini ya meza waya anaotumia mwenyewe: mnene, mbaya wa sura, namba ya kiwanda imechongwa shingoni, kichwa kinaingia bila kucheza. Fundi aliununua. Nyumbani aliuchomeka ukutani, umeme ukiwepo. Simu iliwaka, ikakaa kwenye sifuri mpaka nguo zikakauka kambani. Akarudi tena.

"Umechelewa, mama," alisema muuza nyaya. "Simu ikishaonja mtu, umeme inauona maji matupu."

Ijumaa saa tatu fundi aliuchomeka tena kwenye simu ule waya uliofumwa, akaishika ncha mwenyewe. Simu haikushtuka. Akaiweka ncha kwapani, akaikalia. Wapi.

"Acha kuhangaika, inanijua mimi," alisema mama. Mkono wake ulipita mbele ya dirisha na mwanga haukujali. "Lete hapa."

"Mama, utakwisha."

"Nitakwisha nimemsikia. Au unataka nibaki mzima nazungumza na dari?"

Fundi alikaa na waya mapajani. Kisha akampa.

Asilimia zilipanda taratibu, halafu haraka. Zilipofika mia moja blanketi lilishuka, likalala bapa. Fundi alilinyoosha kwa kiganja, kwa mazoea, kama anayepiga pasi. Saa nne simu ikaita.

"Mama, shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Umekula?" Sauti ilitoka kwenye simu, nzima, haina kikohozi.

Waliongea mpaka kitinda mimba akachelewa kazini. Mwishoni akamuulizia dada yake.

"Dada, mbona leo mama anasikika karibu hivyo? Mmenunua simu mpya?"

Fundi aliangalia kitanda.

"Hapana," alisema. "Mtandao tu siku hizi uko vizuri."