Tangazo la Kibao cha Shaba

Kosa lilikuwa langu, na mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu ndani ya basi la Nechells.

Mwaka 2006 nilikuwa mlinzi kwenye jumba moja la sanaa hapa Birmingham. Miezi yangu mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha Ijumaa hiyo, na bosi wangu wa kike, Indu, alikuwa hajaniambia kama nabaki. Kazi nilikuwa naitaka hasa. Asubuhi akasema wanakuja Wakongo wa parokia moja ya Kingstanding, na kwa ajili yao atatoa kwenye kabati la kioo kibao cha shaba cha Italia, cha miaka mia tano, chenye Bikira Maria na mwanawe. Zamani kwenye misa padri alikibusu, kisha kikapitishwa kwa waumini mmoja mmoja, nao wakabusu. Pua ya Maria ilikuwa imelika kwa midomo ya watu. Jokha, akaniambia, andika tangazo la Kiswahili wasije wakakigusa.

Nikaandika, kwa mwandiko wa kujidai: TAFADHALI USIGUSE KWA MIKONO.

Mama Goretti wa Bukavu, mwenye kitenge na miwani, alilisoma kwa sauti mara mbili. Akafunga mikono nyuma ya mgongo. Akainama. Busu lake lilisikika chumba kizima.

Roho iliniruka, na papo hapo kicheko kikanikaba. Indu alikuwa ameshafika.

“Affiche yako inasema mikono, mtoto wangu,” Mama Goretti aliniambia kwa upole. “Yangu iko huku nyuma.”

Indu akataka nimtafsirie tangazo, neno kwa neno. Ningeweza kudanganya, lakini nilimwambia lilivyo. Akaitazama mikono ya mama, bado imefungwa, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema tangu aanze kazi hajaona mgeni aliyetii tangazo kiasi hicho. Akasema nabaki, ila nilirekebishe sasa hivi.

Nilikuwa natafuta kalamu Mama Goretti aliponivuta.

“Busu ya hii kibao haibaki kwa mutu moja,” akasema. “Unaipitisha.”

Akanibusu kwenye paji la uso, pale mtandio unapoanzia. Sikuwa nimebusiwa na mtu tangu mama yangu aniage uwanja wa ndege wa Zanzibar, na nilikuwa sijajua kama nimelikosa busu hivyo. Nikageuka, macho yamejaa na bado nacheka, nikampitishia bosi shavuni.