Kola Iliyobaki Kwenye Droo

Tangu asubuhi mke wa fundi wa nguo hakutulia. Alijichoma kidole mara tatu, akashona kifungo upande wenye matundu, akakifumua, akakirudisha palepale. Nyuma ya pazia la duka la mumewe, mahali pake kwa miaka tisa, alitega sikio kila mlango ulipolia.

Kosa lilikuwa lake. Duka lile lina desturi: mteja akichukua gauni hupewa na karatasi zilizotumika kulikatia, mgongo, kifua, mikono na kola, ili mwingine asije akashonewa mshono wake. Nesi mmoja alikuwa amelisusa gauni lake dukani miezi minne. Mke wa fundi akaamini harudi tena, akazigeuza zile karatasi na kuandika hadithi kwa penseli ya mumewe. Jana, yeye akiwa sokoni, nesi akatokea. Fundi akamfungia kila kitu isipokuwa karatasi ya kola, ambayo ilikuwa kwenye droo ya cherehani, bado tupu, ikisubiri mwisho wa hadithi.

Hadithi yenyewe ilihusu mwanamke aliyeacha sufuria jikoni, akapanda lori la mizigo na kuondoka akiendesha mwenyewe. Si kisa cha kuzagaa ovyo, hasa kutoka nyumba ambayo mume alikwisha kuonya: "Nikikusikia tena na hadithi zako, cherehani naigawa." Alisema hivyo baada ya wanawake wa mtaa kuhamia uani kwake kumsikiliza mkewe, wakasahau hata kwenda kupika. Bila cherehani angebaki na ufagio. Bila hadithi, sijui angebaki na nini.

Alasiri mlango ukalia.

"Fundi," nesi alisema, "haya maneno nyuma ya karatasi kaandika nani?"

Karatasi zikachakarishwa.

"Aa, hayo?" fundi akacheka kidogo. "Ni mimi, dada. Nikikosa kazi najiandikia tu."

Basi, mke wa fundi ameokoka. Cherehani imepona. Alitakiwa ashukuru na kuinamia vifungo vyake, lakini hasira ikampanda, kali kuliko hofu ya siku nzima. Miaka tisa anashona yeye, anasifiwa mumewe. Hilo alikwisha kulizoea. Hili, hapana.

"Hongera!" nesi alisema. "Sasa nimalizie, maana umeniacha roho juu. Lori limefika mtoni, daraja limesombwa. Anavukaje?"

Fundi akakohoa. Akaiviringa futi yake ya kupimia, akaifungua, akaiviringa tena.

"Anarudi nyumbani," alisema mwishowe. "Mumewe anamsubiri."

"Anarudi?" Sauti ya nesi ilinyong'onyea.

Pazia likafunguka.

"Harudi," alisema mke wa fundi, sindano ingali mkononi. "Anavua viatu, anaingia mtoni kwa miguu yake, apime kina kwanza."

"Mama watoto, rudi ndani," fundi alisema kwa sauti ya chini.

Nesi akamtazama mume, akamtazama mke, akaelewa. Akamgeuzia fundi kisogo.

"Dada yangu, maji yanamfika wapi?"

"Magotini." Alivuta kiti cha wateja, ambacho hakuwahi kukikalia, akakaa. "Lori litapita."