Bibi Nereida Hakunji Mashuka

Jumatatu moja ya Novemba, mwaka 2014, muda mfupi baada ya kengele ya zamu ya asubuhi, Migdalia alifungua mlango wa mashine kubwa ya kukaushia akaanza kuvuta mashuka ya hoteli. Yalitoka ya moto, yamesokotana kama kawaida yake. Moja lilikuwa zito. Akadhani limejiviringisha na taulo, akalikamata kwa mikono miwili, akavuta, na bibi yake mzaa mama akatoka nalo, amekaa kitako, gauni lake la maua limejikunja ubavuni.

Bibi Nereida alikuwa amezikwa huko Utuado, milimani Puerto Riko, miaka mingi nyuma. Alitazama mabomba ya darini, akatazama dirisha lililoganda barafu, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Afadhali humo ndani," alisema. "Huku nje mnaishije?"

Upande wa pili wa meza alisimama Fides, Mrundi aliyeishi miaka mingi kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania. Shuka la hoteli halikunjwi na mtu mmoja, na hao wawili walikuwa wameshikiana ncha kwa muda mrefu kiasi kwamba hawakuhitaji kutazamana. Fides alivua sweta lake akamvika mgeni mabegani.

"Karibu, bibi. Pole na safari," alisema kwa Kiswahili, maana mdomo wake haukujua kumpokea mzee kwa lugha nyingine.

"Nimeshapoa, mwanangu," akajibu bibi. Waliokwisha kufa hawasumbuliwi na lugha.

Msimamizi alipita, akasimama, akamkagua mgeni kuanzia kichwani.

"Hana neti ya nywele," alisema.

Fides akaenda kuchukua neti. Kazi ikaendelea.

Kiwanda hicho cha kufulia kilikuwa mtaa wa Lower West Side, mjini Buffalo, Marekani, upande ambao upepo wa ziwa unaingia bila kubisha hodi. Kilifua mashuka ya hoteli na ya hospitali. Msimamizi hakuwa mtu wa kelele. Siku za baridi kali aliwaletea wafanyakazi mandazi matamu ya boksi, na mtu akifiwa alimpa pole. Ila majina ya watu yalimchosha. Siku zilizopita aliagiza beji mpya, na kila mwanamke aliyezungumza Kihispania akaandikiwa MARIA. Kulikuwa na Maria wa pasi, Maria wa taulo, Maria wa mlango wa nyuma. Migdalia alikuwa Maria wa mashuka. Alizaliwa Buffalo, hospitali ileile ambayo sasa alikuwa anaifulia, lakini hilo halikubadili kitu kwenye beji. Mwanzoni alisahihisha. Baadaye akatabasamu tu. Mwishowe akawa anageuka kabla jina halijaisha kutamkwa.

Ukutani kulikuwa na tangazo: ndani ya kiwanda ni Kiingereza peke yake. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyelivunja, kupitia kinywa cha Migdalia. Kila alipotaka kumwambia jambo mwanamke asiyejua Kiingereza, alimwita Migdalia atafsiri. Naye Migdalia alikuwa na namna yake ya kutafsiri. Msimamizi akisema, "Mwambie asipofika mapema asirudi tena," yeye alisema, "Bosi anaomba ujitahidi kuwahi." Na Zoraida, Mhondurasi aliyekuwa Maria wa pasi, akisema, "Mwambie mashine hii itamuua mtu," Migdalia alisema, "Anauliza fundi atakuja lini." Maneno yalipita kwake yakiwa na makali, yakatoka yamelainishwa kama taulo. Aliamini ndiyo sababu hakuna aliyefukuzwa.

Mashine aliyoisema Zoraida ilikuwa ile ya kupigia pasi, yenye rola mbili za moto zinazomeza shuka bichi upande huu na kulitema kavu upande ule. Kinga ya chuma inayozuia mikono isifuate shuka ilikuwa imeng'oka. Zoraida alikuwa na kovu la kuungua lililoanzia kiganjani likapanda mpaka karibu na kiwiko. Alilifunika kwa soksi aliyoikata vidole.

Jioni ile Migdalia alimpeleka bibi nyumbani kwa basi. Dereva akauliza kama ni mzee, apate punguzo.

Lisandra, binti yake Migdalia mwenye miaka kumi na sita, alimkuta Bibi Nereida amekaa jikoni akipulizia kahawa. Alimbusu shavuni, akasema kwa Kiingereza kwamba anaenda kusoma. Bibi akamjibu kwa Kihispania. Lisandra akasimama mlangoni, akiwa ameelewa nusu.

"Mama, anasema nini?"

Migdalia alitaka kutafsiri, akagundua kwamba yeye naye hakuwa na hakika. Kihispania chake kilikuwa cha jikoni na cha ugomvi. Hapo katikati kulikuwa na matundu. Alipokuwa mdogo shuleni alikatazwa kukisema, na alipokua, binamu zake wa kisiwani walimcheka alivyokisema.

"Anasema una kipaji cha uso cha mama yangu," alisema hatimaye.

"Sikusema hivyo," alisema bibi. "Nimesema huyu mtoto anakula saa ngapi, na nani, kama wewe unarudi usiku?"

Zamu ya Migdalia ilianza asubuhi lakini mara nyingi waliongezewa saa mpaka jioni, na Lisandra alikuwa anakula peke yake mbele ya simu.

Walipobaki wawili, Migdalia alivuta kiti karibu. Alikuwa amengoja nafasi hiyo maisha yake yote. Mama yake alikufa kabla hajamfundisha mengi, na siku zote alihisi kuna kitu wanawake wa ukoo wake walikijua, kikashindwa kuvuka bahari.

"Bibi, niambie," alisema. "Ile hekima yenu. Nifanyeje?"

Bibi Nereida aliweka kikombe mezani.

"Hekima gani? Mimi nilishona glavu. Ajenti alikuwa analeta vitambaa barazani, anatuita sote 'msichana'. Msichana njoo, msichana harakisha. Nikaitika nikiwa na watoto, nikaitika nikiwa na wajukuu. Nilipokufa, mchonga jiwe alimuuliza babu yako jina langu kamili, babu yako akababaika. Jiwe lina jina la mume na neno 'mkewe'." Akakisogeza kikombe kando. "Hekima yangu ni kwamba nilichelewa. Sina nyingine, Migdalia Ortiz Candelaria."

Hakuna aliyekuwa amelitamka jina hilo lote tangu mama yake alipozikwa. Candelaria lilikuwa jina la upande wa mama, na la Bibi Nereida mwenyewe. Migdalia alilifuta kwenye makaratasi yake zamani kwa sababu halikuenea. Alipolisikia alihisi miguu yake imefika chini sakafuni vizuri, kama mtu aliyekuwa amevaa viatu vya mtu mwingine siku nzima. Akalia kidogo, akaosha kikombe.

Tangu siku ile, kila asubuhi bibi alitoka tena kwenye mashine na mashuka ya kwanza, akaketi kwenye kitoroli kilichogeuzwa, akatazama watu wakifanya kazi. Aliongea Kihispania kwa sauti ya kawaida. Msimamizi alionyesha tangazo ukutani, lakini kwa kuwa hakukuwa na namna ya kumpa marehemu onyo, alimpa Migdalia.

Alhamisi alimwita ofisini.

"Maria, keti. Nataka kiongozi wa zamu ya asubuhi mwenye kuelewana na wenzake. Saa zinajulikana, unatoka saa tisa alasiri, basi. Nimekuchagua wewe."

Akilini Migdalia akamwona Lisandra akitoka shuleni na kumkuta mama yake nyumbani. Aliona hata sufuria jikoni.

"Ila kuna mambo mawili," aliendelea msimamizi. "Kelele za lugha ziishe. Na yule mama mzee, kama atakaa humu, basi akunje. Mikono yake ni mizima, nimeiona. Kama mmoja anaweza, ukiwa na mwingine nyumbani mlete naye. Makao makuu hawana tatizo na hilo, hawa hawahesabiwi kwenye mishahara. Nenda kamwambie, halafu njoo uchukue beji ya kiongozi."

Wakatoka pamoja mpaka kwenye meza. Wanawake walikuwa wakifanya kazi huku wamepunguza mwendo, kama watu wanaosikiliza.

"Bibi," alisema Migdalia, "bosi anauliza kama ungependa kutusaidia kidogo, usije ukachoka kukaa."

"Hakuuliza hivyo," alisema bibi. "Nimemsikia. Mwambie nimekwisha kukunja."

Migdalia akamgeukia msimamizi.

"Anasema mikono inamuuma."

"Sikusema hivyo."

Bibi hakukasirika. Alisema kama mtu anayemrudishia muuza duka chenji isiyo sawa. Akasubiri. Fides naye, ambaye hakujua Kihispania hata neno, alikuwa amesimama na ncha mbili za shuka mkononi.

"Dada," alisema polepole, "mimi nilikuwa natafsiriwa kambini. Miaka yote. Mtu wa ofisi anasema maneno mengi, mkalimani anatuambia, 'Subirini.' Sisi tunasema maneno mengi, anamwambia, 'Wanashukuru.' Yule mkalimani alikuwa mtu mwema kabisa. Tukasubiri mpaka nikaota nywele nyeupe."

Migdalia alitazama soksi kwenye mkono wa Zoraida. Alifikiria saa tisa alasiri, na sufuria, na ikamuuma kwelikweli, kwa sababu kile alichokitaka hakikuwa kibaya. Kisha akasema kwa Kiingereza chake cha Buffalo, kilichonyooka:

"Bibi yangu anasema amekwisha kukunja. Hatakunja tena. Anaitwa Nereida Candelaria Rosado. Zoraida amekuwa akisema tangu kiangazi kwamba mashine hii itamuua mtu, na hakuwahi kuulizia fundi, mimi ndiye niliyekudanganya. Na mimi naitwa Migdalia Ortiz Candelaria. Hiyo kazi naitaka. Nikiitwa hivyo, naitaka sana."

Mashine ya kukaushia iliyokuwa karibu na dirisha ikafika mwisho wa mzunguko wake na kulia. Fides akaifungua. Kati ya taulo za hospitali alitoka bibi yake, Mukansanga, aliyefia kambini, akiwa ameshika kitenge chake kisifunguke. Iliyofuata ikamtoa mama yake Zoraida, mwanamke mfupi aliyeanza mara moja kumvua binti yake ile soksi ili aone mkono. Zikafunguliwa nyingine. Walitoka wanawake wa Ekuado, wa Puerto Riko, wa Burundi, wakijikung'uta mvuke, kila mmoja akimwita wa kwake kwa jina lote, na majina ya pande zote mbili, bila haraka. Walipomaliza kuita, waliketi pembeni na kufumbata mikono. Hakuna hata mmoja aliyegusa shuka.

Zoraida akabonyeza kitufe chekundu, rola zikasimama.

Msimamizi alienda stoo, akarudi.

"Neti zimekwisha," alisema. Akapiga simu makao makuu. Makao makuu yakasema haidhuru, mradi wasizibe njia ya kutokea moto ukitokea. Kuhusu kinga ya mashine, wakasema iko kwenye bajeti ya mwaka ujao.

Siku ile walikunja kwa mikono, polepole, na hospitali ilipata mashuka yake yakiwa yamechelewa. Kesho yake mashine iliwashwa tena, bila kinga. Lakini Zoraida hakuilisha mpaka Migdalia aliposimama upande wa pili, mkono juu ya kitufe, na ndivyo walivyoilisha tangu hapo, wawili wawili. Msimamizi aliona inapoteza muda, akaandika maonyo, kisha akachoka kuyaandika. Kazi ya kiongozi alipewa kijana kutoka idara ya magari. Beji hazikubadilishwa, kwa kuwa zilikuwa zimeshalipiwa. Ila mtu akisema "Maria" ndani ya jengo lile hakuna kichwa kilichogeuka, ikabidi yule kijana awe anatembea mpaka alipo mtu na kumsubiri amtazame.

Wazee waliendelea kuja. Mukansanga alipenda kukaa karibu na Bibi Nereida, wakizungumza habari za mihogo. Na Lisandra, kwa kuwa mama yake bado alichelewa, alianza kupitia kiwandani akitoka shule, na wakala pamoja wali waliouleta Fides na wenzake, jioni, kwenye chumba cha mapumziko. Bibi alimsahihisha maneno. Migdalia naye alisahihishwa, na hakuona aibu.

Machi theluji ilipoanza kuyeyuka, yule kijana alimleta mwanamke mgeni kutoka Guatemala, mdogo wa umbo, beji yake ikiwa tayari kifuani.

"Mwambie Maria kazi yenyewe ni hii," alisema kijana. "Na hapa hatuna muda wa maswali."

Migdalia akatafsiri kila neno, na ukali wake wote, bila kupunguza. Mgeni akatazama chini. Kijana aliporidhika na kuondoka, Migdalia alimwonyesha rola, akamwonyesha mahali kinga ilipotakiwa kuwa, akamwonyesha kitufe chekundu na kumfanya akibonyeze ajue kilivyo kigumu.

"Mimi ni Migdalia Ortiz Candelaria," alisema. "Wewe?"

Mwanamke akanong'ona. Mashine zilikuwa na kelele. Jina halikuwa la Kihispania lote. Lilikuwa na mkwaruzo wa koo ambao Migdalia hakuwahi kuusikia.

"Samahani," alisema, akiinamisha sikio. "Rudia. Lote."

"Hermelinda," akasema yule, sasa kwa sauti. "Hermelinda Tzoc Ajanel."

Migdalia alijaribu kulitamka, akakosea. Akajaribu tena.