Ufunguo wa Ludivine

Ludivine alipokuta mlango wa chuma umefungwa, alicheka kwanza. Fundi mzoefu wa sumaku, anafungiwa handakini kama kuku. Kisha akakumbuka koti lake, na kicheko kikamkauka.

Kila anayeshuka kwenye mtambo wa kugonganisha chembe huchukua ufunguo wake kwenye ubao wa funguo ulio nje, na akitoka huutundika kwa mkono wake mwenyewe. Ufunguo mmoja ukikosekana, mtambo hauwaki. Leo sumaku mpya zingejaribiwa kwa mara ya kwanza. Ludivine alikuwa amerudi kukagua kiungo kimoja kilichomtia wasiwasi, akamwachia fundi mwenzake Firmin koti, na ufunguo ulikuwa mfukoni. Wakaguzi wa kuhakikisha hakuna mtu aliyebaki walipita yeye amejikunja nyuma ya sumaku, vizuia kelele masikioni.

Mpini mwekundu wa dharura ulikuwa palepale mlangoni. Ukiuvuta, mlango unafunguka, kila kitu kinazimika, na wakubwa wanataka kujua sababu. Firmin alikwisha kuonywa mara moja, hii ingemfukuzisha kazi. Na Firmin ndiye baba wa ubatizo wa mwanawe.

Akapiga simu ya ukutani, inayoita kule kwenye ubao.

"Firmin, umenitundikia ufunguo?"

"Mungu wangu. Ludi, si ulisema uko nyuma yangu?"

"Nipo nyuma ya mlango sasa."

"Usivute mpini, dada yangu, nakuomba. Ufunguo wako nishautoa, ninao mkononi. Bila huu hakiwaki kitu, unajua mwenyewe. Wakubwa wakienda kunywa kahawa nakuja kukutoa, hakuna atakayejua."

"Fanya upesi. Na jioni jibini ya kuyeyusha unakoroga wewe, mimi nachovya mkate na kula tu."

Akaketi sakafuni. Handaki lilipinda kulia, likapinda kushoto, na pande zote mbili lilikuwa lilelile. Bomba ambamo chembe zingepita lilikuwa karibu na bega lake. Aliogopa, lakini alimwamini. Usipomwamini mtu aliyembeba mwanao kanisani, utamwamini nani?

Ndipo king'ora kilipolia.

King'ora kile hakilii ovyo. Hulia mtambo unapokaribia kuwashwa, na hauwezi kukaribia kuwashwa mpaka funguo zote ziwe ubaoni. Ludivine alijua hilo kama anavyojua jina lake. Hata hivyo mkono wake ulisita kwenye mpini, na kusita huko ndiko kulikomuuma kuliko yote baadaye. Akavuta.

Kelele zikakatika. Mlango ulipofunguka, Firmin alikuwa amesimama nje, anahema. "Ludi, nilikuwa njiani, haki ya Mungu."

Nyuma yake alikuja Bi Odermatt, msimamizi wa zamu, uso umempauka. "Nani alitundika ufunguo wako?"

Firmin alimtazama Ludivine kwa macho ya kuomba. Ludivine angeweza kusema aliutundika yeye mwenyewe, na yangeishia hapo. Akaitazama mikono ya rafiki yake. Ilikuwa mitupu.

"Muulize Firmin," akasema. "Aliniambia anao mkononi."