Tamko la Orrin Tackett

"Mimi si raia wa serikali yenu," Orrin Tackett alikuwa akisema, amesimama kwenye mlango wa mahakama, ncha za buti zake zikigusa kizingiti bila kukivuka. "Mimi ni mtu hai, huru juu ya ardhi yangu. Nikiingia humo nikaapa, nitakuwa nimewakubali."

"Hatukuombi utukubali, mzee," jaji alisema. "Tunauliza tu kama huyu ni mwanao, na alizaliwa lini."

Orrin alimtazama binti yake, kisha akatazama dari. "Sijibu."

Verlene aliketi mbele peke yake, mikono mapajani. Ilikuwa mikono mipana, yenye makovu ya misumari na weusi wa kwato uliozishinda sabuni zote. Tangu akiwa na miaka kumi na minne alizunguka ranchi za kaunti ile ya Montana akiwavisha farasi viatu. Dume lililowapiga mateke wanaume watatu lilimpa yeye mguu lenyewe, kama mtoto anayetaka kufungwa kamba za viatu. Lakini kwenye vitabu vya serikali Verlene hakuwepo. Alizaliwa nyumbani, huko juu mlimani, na Orrin hakumwandikisha shule wala hospitali. Mama yake alimfundisha kusoma, kisha akafariki. Alipovunjika mkono, alifungwa bendeji na daktari wa ng'ombe.

Sasa hospitali ya farasi ya mjini ilikuwa imempa kazi, kazi aliyoiota miaka yote. Sharti lilikuwa moja: alete vitambulisho kabla ya Ijumaa. Na leo ilikuwa Alhamisi.

"Binti," jaji alisema kwa upole, "wateja wako wamekusifu sana hapa, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwepo ulipozaliwa. Nahitaji ushahidi wa wakati ule. Unao?"

"Ninao, Mheshimiwa."

Alikuwa ameshinda siku tatu chini ya jengo lile, kwenye chumba cha hati za ardhi, ambamo kaunti ilisajili pia matamko ya watu, akipekua madaftari jinsi anavyotafuta kijiwe kwenye kwato: polepole, kwa kidole gumba, bila kuruka mahali. Akamkabidhi jaji nakala yenye muhuri wa kaunti.

Jaji akasoma kwa sauti. "'Mimi, Orrin Tackett, natangaza mbele ya Mungu na watu wote kwamba leo, tarehe tisa Machi, alfajiri, mke wangu Lucinda amenizalia binti, Verlene Rose, nyumbani kwetu. Yuko huru. Si mali ya serikali yoyote.'" Akavua miwani. "Uliileta mwenyewe isajiliwe, mzee?"

"Nilikuwa nawaonya!" Orrin alifoka.

"Basi tulionyeka," alisema Bi Amundsen, msajili mkongwe, kutoka benchi la nyuma. "Muhuri niligonga mimi. Ulikuja na theluji mpaka kwenye ndevu, Orrin, umetembea maili kumi na moja, unacheka peke yako kama mwendawazimu. Ulimwambia kila mtu kwenye foleni, 'Ana nywele! Ana nywele tayari!'"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Orrin akainamisha kichwa.

Jaji akachukua kalamu. "Mahakama inatambua kwamba Verlene Rose Tackett alizaliwa."

Verlene alidhani atalia. Badala yake kicheko kikubwa kilimtoka tumboni, kikawafanya wafugaji waliokuja kumtolea ushahidi wapige makofi na kurusha kofia, na jaji hakugonga nyundo.

Nje, baba yake alikuwa ameegemea gari lake, lile lenye kibao cha namba alichokichora mwenyewe.

"Umejiuza kwao," alisema.

"Wewe ndiye uliyeniandikisha, baba. Nilikuwa sijamaliza hata siku mbili duniani."

Orrin alikwaruza changarawe kwa buti. Kisha akanyoosha mkono. "Hebu lete nione."

Akaisoma hukumu taratibu, midomo ikicheza, mpaka kidole chake kilipofika penye jina la mama.

"Lucinda," alisema. "Wamelipatia."

Upepo ulishuka kutoka mlimani na kuikamata karatasi. Orrin akageuka, akaupa upepo mgongo, akaishika kwa mikono miwili isikunjike. Verlene akapanda nyuma ya gari, akakaa, akaning'iniza miguu, akamwacha asome tena.