Rubani wa Kerenge

Bahari niliijua kwa macho tu. Kila siku niliketi Kerenge, ndani ya kontena lenye feni moja na harufu ya mahindi mabichi kutoka mashamba ya jirani, nikairusha ndege isiyo na rubani hadi juu ya maji ya Pangani. Kampuni yetu ilikuwa imeshinda zabuni ya kusaidia doria: sisi tuzione boti za magendo, askari wa majini wazikamate. Kwenye skrini, maji yalikuwa mbuga ya bluu isiyo na vumbi, na mara nyingine nilisahau kwamba nimekaa. Nilielea. Mustafa, msimamizi wangu, alikuwa akigonga meza ili nirudi.

Mchana ule kompyuta ilionyesha mashua kumi na moja za wavuvi zimetoka, kumi na moja zinarudi. Mustafa akaridhika. Mimi roho ilikataa. Kwetu Kwedizinga ng'ombe hawahesabiwi. Baba yangu husimama mlangoni mwa boma, rangi zinapita mbele yake, naye anajua nani hayupo. Mashua zile nami nilikuwa nimezizoea hivyo hivyo, kwa matanga yake na mwendo wake.

"Ile yenye kiraka chekundu haipo," nikasema. "Na hii ya mwisho ni ngeni."

Mustafa akainama kutazama. Ile ngeni ilikuwa na injini mbili, na imefunikwa turubai hadi ukingoni. "Magendo hayo, Nanyori. Ifuate. Ndiyo tuliyoajiriwa kuitafuta."

"Na ile nyingine?"

"Mafuta hayatoshi kwa zote mbili."

"Basi waambie askari hii inaelekea wapi. Macho wanayo."

Nikaigeuza ndege kuelekea kilindini. Alinitukana kwa Kizigua ili nisielewe, nami nilielewa vizuri sana. Kisha akawapigia simu askari.

Nilitafuta kama nusu saa. Sikuogopa kufukuzwa. Niliogopa kwamba watu wangekufa wakati mimi natazama kitu kingine. Maji yalipita chini yangu polepole, yaleyale, yaleyale, mpaka nikajikuta naita kwa sauti ya chini, vile tunavyomwita ndama aliyepotea. Mustafa hakucheka.

Tukawaona. Mashua ilikuwa imepinduka, na wanaume wawili wamelala juu ya mgongo wake. Mmoja akavua shati, akapunga.

Mustafa akawaelekeza askari. "Boti yao bado iko mbali," akaniambia. "Ndege ikigeuka sasa hivi, inafika nyumbani. Isipogeuka, mimi na wewe hatuna kazi."

"Ikigeuka, askari watawaonaje kwenye mawimbi yale? Wakiiona ndege hewani, watajua pa kwenda."

Nikaizungusha juu ya wale wawili, mduara mdogo, tena na tena, mpaka injini ikazima. Bahari ikapanda kwenye skrini, ikawa kubwa, ikajaa, kisha giza. Nilishika meza kwa mikono miwili.

Simu ilichelewa sana kulia. Mustafa akasikiliza, akakunja uso. "Wamewafikia. Wazima wote wawili. Ila wanakataa kupelekwa nchi kavu."

"Kwa nini?"

"Wanasema waliona ndege ikianguka. Wanataka rubani atafutwe kwanza. Mmoja amejitupa tena majini, anapiga mbizi."

Nikamwomba simu, nikaomba nizungumze nao. Akaja mmoja wao, mzee mwenye sauti iliyokauka.

"Shikamoo, baba," nikasema. "Rubani ni mimi. Sikuwemo ndani. Niko Kerenge, nimekaa kwenye kiti."

Akakohoa.

"Marahaba," akasema, bila kuniamini sana. "Hukuumia, mwanangu?"

Nyuma yake nilimsikia mwenzake, bado majini, akiita, "Rubani ee." Nilikuwa nalia.